Taja Kwanza, Ndipo Uwashe

Nakumbuka siku ya mvua pale Mkuyuni, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka naona aibu, japo mvi zimeshanijaa. Kaa nikwambie, maana jana nimekusikia ukimkariria mdogo wako orodha ya ioni, ipi hutangulia kutoka umeme ukipita majini, kwa mbwembwe, na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, kichwa kimejaa kemia, mdomo umejaa maneno. Nikapata kazi kwenye karakana ya Mzee Ramji, tulimokuwa tukitengeneza injini za mitumbwi. Mzee Ramji alikuwa Mhindi mzaliwa wa hapa hapa Mwanza, na Kisukuma alikijua kunishinda mimi Msukuma. Shule aliishia darasa la saba. Lakini mikono ile, mwanangu! Chuma kilicholiwa na kutu alikitumbukiza kwenye beseni la maji yenye magadi, haya haya tunayopikia maharage. Akakifunga upande wa hasi wa chaja ya betri, na upande wa chanya akafunga kipande cha chuma chakavu. Jioni kutu yote imebanduka. Sijaona tena mtu anayeheshimu chuma kama yule mzee.

Alikuwa na desturi moja. Kabla ya kuwasha umeme, anayewasha alisimama mbele ya wenzake akataja kwa sauti: majini nimeweka nini, kiasi gani, kila upande nimefunga nini, na kila upande kitatoka nini. Mwenye shaka anasema. Asiyetaja hawashi. Hata yeye, mwenye karakana, alitaja kila siku ya Mungu. Mimi niliona huo ni mchezo wa chekechea.

Basi siku hiyo magadi yaliisha. Mzee alikuwa ameenda Mabatini kutafuta spea, na mvuvi mmoja wa Sengerema alikuwa akisubiri kifaa chake awahi kivuko. Nikajisemea, chumvi nayo inapitisha umeme, shida iko wapi? Nikamimina pakiti mbili nzima ili umeme upite kwa nguvu. Badala ya chuma chakavu nikafunga vijiti vyeusi vya ndani ya betri za tochi, kwa kuwa kitabuni ndivyo vilivyochorwa. Nikapiga hesabu zangu kimoyomoyo. Upande wa hasi sodiamu haitoki, itatangulia hidrojeni ya maji. Upande wa chanya haidroksili huitangulia kloridi, kwa hiyo itatoka oksijeni. Nani anaiogopa oksijeni? Nikawasha bila kutaja, nikarudishia mlango wa stoo lilimokuwa beseni, kwa sababu ya mvua, nikaenda mbele kupiga soga na mvuvi.

Mle stoo alikuwamo Kulwa, fundi mwenzangu, ameinamia pistoni yake anasugua. Kulwa alikuwa na pumu, na wote tulijua. Nilimsikia akikohoa, nikadhani ni baridi ya mvua. Naye, alikuja kunieleza baadaye, alidhani hivyo hivyo.

Mzee Ramji alirudi, akafika mlangoni na koti lake linachuruzika maji, akasimama ghafla. Pua yake ilinasa harufu kama ya dawa ya kutakatishia nguo nyeupe. Alichomoa waya ukutani, akaziba pua kwa leso, akaingia stoo na kumtoa Kulwa amemshika makwapani. Kulwa midomo imebadilika rangi, anavuta pumzi haiingii. Tulimpakia kwenye pikapu ya jirani hadi hospitali, na njia nzima nilikuwa nimemshika mkono nikimwomba Mungu anichukue mimi. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine.

Kesho yake nilijua nafukuzwa. Mzee akanipeleka uani, kwenye hewa, akaweka glasi mbili za maji na vijiti vyangu vile vile. Moja akatia chumvi ya kubana kwa vidole. Nyingine akatia mpaka chumvi ikagoma kuyeyuka.

"Haya, taja," akasema.

Nikamtajia orodha yangu. Akawasha, akashikilia kitambaa cha buluu kilicholowa juu ya kila glasi. Cha kwanza kilibaki karibu vile vile. Cha pili kikapauka mbele ya macho yangu, na ile harufu ikaja, harufu ya klorini, gesi yenye sumu.

"Orodha yako ni sahihi, binti. Inakwambia nani atatangulia wakiwa sawa. Jana walikuwa sawa? Kloridi ulimwaga pakiti mbili. Wakiwa wengi hivyo wanampita yule wa mbele. Na ungefunga chuma, chuma chenyewe kingeanza kuliwa kabla ya hewa hiyo kutoka. Usiulize nani mkubwa tu. Uliza wako wangapi, na wamefungiwa nini."

Mwanangu, nilisoma kwa walimu wenye digrii, na nikaja kuifundisha kemia hiyo miaka mingi. Sijasikia ikielezwa vizuri kuliko alivyoieleza yule wa darasa la saba. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Hakunifukuza. Alinituma hospitali nikamwambie Kulwa kwa mdomo wangu mwenyewe nilichofanya. Nilimweleza yote, pakiti mbili, vijiti, mlango. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia taratibu, pumzi bado inakatika: "Ungetaja tu, dada, ningetoka nje."

Tangu siku hiyo sijawasha kitu bila kutaja.

Basi kariri orodha yako, sikukatazi. Ila kabla hujasema kitatoka nini, tazama maji, maana nayo yamo, tazama wingi, tazama ulichofunga. Kisha taja kwa sauti, hata kama unajua, hata kama wanakucheka, kwa sababu anayekusikia ndiye atakayevuta hewa yako. Mungu akujalie akili nyingi, mwanangu, na akupe mdomo usioona haya kutaja. Na kila atakayefanya kazi karibu nawe, arudi kwao jioni akiwa anapumua.