Ndege Juu ya Matembele

Nimeishi sehemu nyingi na sikudumu hata moja. Mikumi nimeosha vyombo kwenye hoteli ya watalii, Mbeya nimeuza mitumba, Dar sitaki hata kuikumbuka. Nikichoka narudi Chanzuru kwa mama, nakula matembele yake wiki mbili tatu, halafu miguu inaanza kuniwasha tena. Safari hii nilimkuta jicho la kulia limefunikwa na mtoto wa jicho, na la kushoto linaelekea huko huko. Nilipomwambia shikamoo, alinipapasa uso kwa mikono miwili ndipo akaitikia marahaba.

Nyuma ya nyumba kuna bustani, na mwisho wa bustani kuna lundo la mabati na mbao za jiko la zamani lililobomolewa na mafuriko. Matembele yametambaa mpaka juu ya lundo hilo, yamefungamana hata udongo huuoni. Mama huyachuma kwa kupapasa. Anachuchumaa, anaingiza mkono chini ya majani, vidole vinatafuta ncha laini.

Ndege nilimwona asubuhi, siku chache baada ya kufika. Alikuwa amekaa kwenye mti mkavu kando ya lundo lile. Alikuwa mkubwa kuliko jogoo, kahawia mwili mzima, na kichwa cha duara kama cha bundi. Macho yake ya njano hayakupepesa. Niliposogea hakushtuka, wala hakunitazama. Nikasimama pale na mswaki mdomoni, namtazama.

"Mama, kuna ndege mkubwa huku."

"Mwewe huyo! Mfukuze, atanimalizia vifaranga!"

Nikachukua sufuria na mwiko, nikapiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Ndege akaondoka bila haraka. Mchana alikuwa pale pale. Kuanzia hapo kazi yangu ikawa kumkimbiza. Nilimrushia madongoa, nikatundika mifuko ya nailoni kwenye kamba ipepee. Mama akanicheka.

"Umezunguka nchi nzima, baba, umerudi kuwa mlinzi wa kuku."

Lakini kuna jambo lilininyima raha. Vifaranga vilikuwa vinapita chini yake, vinapekua takataka na mama yao, na yeye hageuzi hata shingo. Alikuwa anatazama matembele tu. Mwewe anayetaka kifaranga namwelewa. Huyu asiyetaka alinitia hofu.

Nikampiga picha kwa simu, nikamtumia rafiki yangu wa Mikumi. Tuliosha vyombo pamoja zamani, siku hizi anaendesha gari la watalii hifadhini. Alinipigia muda uleule.

"Picha yako mbovu kama sura yako," akasema. "Kichwa nimekiona. Niambie miguu. Ina manyoya mpaka chini, kama kavaa suruali?"

Nikachungulia dirishani. "Hapana. Mitupu, ina magamba kama ya kuku."

"Na macho makubwa ya njano?"

"Ndiyo."

"Basi mwambie mama asiwe na wasiwasi. Huyo ni tai, ila ni yule anayekula nyoka. Vifaranga hana habari navyo."

Nikacheka, mwili ukalegea. Yeye hakucheka.

"Anakuja mara nyingi?"

"Kila siku. Nikimfukuza anarudi."

"Kwenye mti uleule?"

"Uleule."

"Kaka, huyo hakai mahali bure. Acha kumfukuza. Na hapo chini anapopaangalia, asipite mtu."

Simu ikiwa bado sikioni nilisikia majani yanakwanyuliwa. Mama alikuwa kwenye matembele. Ndege alikuwa ameruka, mti mtupu.

Nilitoka nje. Nilitaka kupiga ukelele, nikaumeza, maana akishtuka angesimama na kukanyaga popote. Nikasogea taratibu.

"Mama. Usisogeze mkono."

"Njoo polepole," akanong'ona, uso umechangamka. "Nimempata yule mtetea wangu mweusi aliyepotea. Anaatamia humu. Msikilize anavyofura na kupumua kwa hasira nikimkaribia."

Nikamsikia. Pumzi nzito, ndefu, kama mpira wa miguu unaotolewa upepo, inakatika, inaanza tena. Kuku anayeatamia hufura kweli, lakini hana kifua cha kutoa pumzi ndefu kama ile.

"Mama, huyo si kuku."

"Mimi nisijue kuku wangu? Ngoja nipapase mayai."

Sikungoja. Nilimshika kwapani nikamvuta nyuma kwa nguvu ambayo sikuwahi kufikiria kuitumia kwa mzazi. Tukaangukia tuta la mchicha, yeye juu yangu, matembele aliyochuma yakamwagika. Akanipiga kofi la bega.

"Una wazimu? Umenivunja kiuno!"

Pale mkono wake ulipokuwa, majani yalifunguka. Kichwa kipana kikachomoka, kikapiga hewa, kikarudi ndani. Mama hakukiona. Alisikia majani tu, na kofi la pili likaishia hewani.

"Ni nini?"

"Kifutu."

Nilimwita jirani, akaja na jembe na fimbo ndefu. Alipoyafunua matembele tulimwona amejikunja, mnene kama mkono wangu, rangi ya majani makavu. Jirani alimpiga mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta. Mama aligoma kuingia ndani, alisimama mlangoni akisikiliza kila pigo.

Jirani alipoondoka na mzoga ukining'inia kwenye fimbo yake, mama alikaa kwenye kigoda.

"Jana nilishika kitu humo humo," akasema. "Kinene, cha baridi. Nikadhani boga limejificha. Nikaliacha likue."

Nikamshika mkono, nikausogeza juani. Nilikagua kidole kimoja kimoja, nikaugeuza kiganja, nikapangusa udongo kwenye kucha. Nilijua kwamba kama angeumwa jana, leo tusingekuwa tunaongea. Sikuona alama yoyote. Nikaanza tena kutoka kwenye gumba.