Nani Ameishika Kadi?

Hospitalini walimwita Mama Seva, na aliitikia, maana kuna majina mabaya kuliko hilo. Yeye ndiye aliyeandika programu ya kadi za wagonjwa, na ilipokwama popote, kuanzia mapokezi hadi dirisha la dawa, aliitwa yeye. Zana ya kompyuta aliyoitumia kuiandika ilikuwa ileile aliyofundishwa chuoni. Aliijua kama mtu anavyoijua nyumba alimozaliwa. Hata gizani hajikwai.

Sasa seva mpya, kompyuta kuu ya hospitali, ilikuwa imenunuliwa na programu ilitakiwa kuandikwa upya. Je, kwa zana ipi? Binti aliyeajiriwa karibuni alikuwa amekuja na nyingine. Mama Seva aliifungua mara kadhaa, akaifunga. Hakuna kitu alichokikuta mahali alipokizoea. Ikichaguliwa hiyo, binti ndiye atakayeongoza, na yeye atarudi kuwa mwanafunzi huku mvi zikimchungulia kichwani.

"Zijaribuni zote mbili," mganga mkuu alisema. "Utakayoichagua wewe, mimi natia sahihi."

Walianza na ya zamani. Kwa zana hiyo, aliyefungua kadi ya mgonjwa aliishika peke yake mpaka aifunge, na wengine waliweza kuisoma tu. Mama Seva aliona huo ndio usalama: watu wawili hawawezi kufutiana maandishi.

Asubuhi moja mfamasia alipiga kelele dirishani. Mbele yake palikuwa na mama aliyempakata mtoto anayehema kwa shida, na stoo haikutoa dawa mpaka iandikwe kwenye kadi.

"Kadi imeshikwa! Mama Seva, nani ameishika kadi?"

Alikimbilia mapokezi. Skrini ya karani ilikuwa imejaa kadi zilizo wazi kama nguo kwenye kamba.

"Dada, mbona hufungi kadi?"

"Nifunge vipi na mtu yumo ndani?" Karani alimtazama juu ya miwani. "Nafunga akishaniaga. Yule babu tuliyemsahau kwenye benchi la eksirei mpaka milango ikafungwa, umemsahau na wewe? Kadi ikiwa wazi, najua mtu wangu hajatoka. Na wewe usiyeaga siku hizi, ningekuwa na kadi yako nisingeifunga kamwe!"

Mama Seva hakucheka. Aliinama, akaifunga kadi ya mtoto kwa mkono wake mwenyewe, na kule dirishani dawa ikatoka.

Alijaribu kuiondoa ile kufuli ya kadi kushikwa na mtu mmoja. Ilipoondoka, daktari na muuguzi waliandika kwenye kadi moja ya majaribio na maneno ya daktari yakapotea kimyakimya. Zana yake iliiacha kila kompyuta ijiamulie. Hapakuwa na msuluhishi. Ya binti ilimweka msuluhishi huyo kwenye seva: wote walifungua, na aliyechelewa kuandika aliambiwa kadi imebadilika, asome kwanza. Walipoijaribu hiyo, wiki ilipita karani akiacha kadi zake wazi, na hakuna aliyelalamika.

Mganga mkuu alimwita ofisini.

"Nimesikia habari za dirisha la dawa. Kosa ni la karani. Nitampa onyo, atajifunza kufunga. Programu yako haina neno. Tuendelee na hiyo?"

Alikuwa amemfungulia mlango, naye alitakiwa kupita tu. Mama Seva aliitazama kalamu mkononi mwa mganga. Angenyamaza, angebaki fundi anayekimbiliwa, na karani angejifunza kusahau watu.

"Usimpe onyo," alisema. "Yeye anafanya kazi yake. Zana yangu ndiyo haifai. Chukua ya binti."

"Unaielewa hiyo?"

"Hapana."

"Basi itabidi binti aongoze."

"Najua, daktari."

Mganga mkuu aliivuta karatasi karibu. Halafu akatia sahihi.

Kesho yake binti alivuta kiti cha pili mezani. Aliona haya kuliko mkubwa wake.

"Mama, shikamoo. Tuanzie wapi?"

"Marahaba. Anzia mwanzo kabisa," Mama Seva alisema, "na usinionee huruma."

Akakaa. Mikono yake, iliyozoea kwenda kwenye vitufe bila kuulizwa, aliilaza mapajani, akatazama vidole vya mwenzake vikitembea asikokujua.