Injini ya Faradji katika Ngano ya Mudende

Faradji wa Mbugangari, mtaa wa Waislamu mjini, alikuwa na lori moja, na lori hilo ndilo lililomfanya aitwe mtu. Alilipata baada ya miaka kumi na miwili ya kuendesha magari ya wengine. Mwaka wa 1956, viazi vya Mudende vilishuka kutoka milimani hadi soko la Mahoko kwa lori lake, na mkewe Saidati alitembea mjini shingo juu. Ana haki, nani asingeringa?

Mwaka huo Mbelgiji mmoja mwenye shamba la ngano Mudende alinunua mashine kuukuu ya kuvunia kutoka kwa mlowezi mwenzake wa Masisi. Nje rangi mpya, ndani ugonjwa mtupu. Injini ilizimika kila nusu saa, na vipuri vyake havikupatikana popote karibu. Ngano ilikuwa imekauka na mawingu yanajikusanya. Fundi wa shamba akapima injini ya lori la Faradji, akasema itakaa, wakichomelea vyuma viwili vitatu.

"Nikopeshe kwa mavuno haya," Mzungu alisema. "Injini yangu mpya ikifika kutoka Ulaya, yako inarudi, na ngano yangu yote utabeba wewe."

"Bon. Lakini mi mwenyewe nitaendesha. Sipendi mutu mwingine aguse injini yangu."

"Basi ikivunjika mukononi mwako, ni hasara yako."

Faradji akakubali. Nyumbani Saidati alimwomba aache. "Baba Zayinabu, gari bila injini iko nini? Iko nyumba ya kuku." Faradji akamcheka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mashine ilikuwa na dereva wake, Hitimana, aliyekuja nayo kutoka Masisi na aliyejua tabia zake zote. Faradji alimkalisha pembeni kama abiria.

Siku ya kwanza injini ilinguruma vizuri hadi wanawake waliokuwa wakifunga mabua wakapiga vigelegele. Walipofika mwisho wa mstari, shamba likateremka. Na dereva wa barabara ya Mahoko, akiona mteremko, hana haja ya kufikiri: huzima injini, gari lijishukie lenyewe, petroli ibaki kwenye tangi. Wote walifanya hivyo. Faradji akazima.

"Usizime!" Hitimana alipiga kelele. "Iko inakula bado! Tumbo imejaa!"

"We, petroli haiokotwi njiani."

Kumbe injini hiyo sasa haikusukuma magurudumu tu. Ndiyo iliyozungusha pipa la kupuria ngano. Pipa lilisimama limejaa mabua hadi kooni. Hitimana akashuka ayatoe kwa mikono, kazi ya saa nzima. Faradji aliona haya, wanawake wanatazama. Hakungoja. Akamwambia asogee, akawasha, akaachia klachi kwa nguvu. Pipa likagoma. Akarudia. Mara ya tatu kikasikika kishindo tumboni mwa injini, kisha mafuta meusi yakamwagika juu ya ngano. Chuma kikubwa cha katikati, kile kinachozungushwa na pistoni, kilikuwa kimekatika vipande viwili.

Mvua ya mawe ilikuja siku ya tatu, ikalaza ngano yote.

Mzungu hakumtukana. Alimkumbusha tu waliyoagana, akampa watu wa kumsaidia kubeba injini yake hadi barabarani. Huko Mbugangari majirani walikuja kumpa pole na kumlaani Mbelgiji: wazungu ni wezi, walisema, wamekula injini ya Muislamu. Faradji alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alitamani sana iwe hivyo. Angekuwa na mtu wa kumchukia, angeamka asubuhi akamchukia, siku ikapita.

Saidati alimwekea chakula, akaketi mbali naye, na Faradji akashindwa kuinua mkono kula, maana mkono wenyewe ndio ulioivunja injini.