Tangi la Chini la Samaki wa Shangazi

Shangazi yangu ana hoteli ya chakula Lusahunga, pale njia panda. Madereva wa malori ya Rusumo wanapenda kwake vitu viwili: supu ya mbuzi, na samaki wasioliwa. Samaki hao ni tisa, wa rangi ya machungwa, kwenye tangi la vioo karibu na kaunta. Chini yake, ndani ya kabati, kuna tangi lingine ambalo wateja hawalioni. Maji hushuka huko kwa bomba, hupita kwenye sponji na kokoto, kisha pampu huyarudisha juu yakiwa safi.

Likizo ya kidato cha tatu nilikuta tangi hilo la chini limepasuka. Shangazi akamwita fundi bomba, mzee mwenye heshima zake, naye akaja na ndoo kubwa ya plastiki kuwa tangi jipya. Nikapewa tochi nimmulikie. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba, na baada ya hapo sikusema neno. Ndivyo nilivyo. Nyumbani Kasulo, mama husema nikiumwa jino yeye atajua kwa kuona shavu.

Shangazi alikuwa akilalamika kwamba maji yakirudi juu yanasikika kama mtu anakojoa mbele ya wateja. Basi fundi akarefusha bomba la kurudishia mpaka karibu na mchanga wa tangi la juu. Kelele ikaisha. Wote wakafurahi. Isipokuwa mimi.

Maana Lusahunga hata mtoto wa darasa la pili ameona dizeli ikinyonywa kwenye lori: mpira ndani ya tangi, dumu chini, unavuta mara moja, na mafuta yanashuka yenyewe mpaka mdomo wa juu wa mpira uguse hewa. Bomba hili lilikuwa mpira uleule. Umeme ukikatika, na kwetu hukatika, pampu ingesimama, maji yangegeuka na kushuka, ndoo ingefurika, na samaki wangebaki wamelala mchangani.

Nilijua niko sahihi. Sijisifu, nilijua tu. Shida ilikuwa mdomo. Nimwambie mzee wa watu amekosea, mbele ya shangazi na madereva wawili wanaokunywa supu? Nikanyoosha mkono, nikachomoa waya wa pampu.

"We binti, unafanya nini?" fundi akauliza.

"Umeme umekatika," nikasema.

"Umekatika wapi, na feni inazunguka?"

Maji yakaanza kupanda kwenye ndoo. Fundi akayatazama, akanitazama. Yalipomwagikia viatu vyake, dereva mmoja akacheka mpaka kijiko kikamdondoka. "Mzee, unanyonywa dizeli!"

"Chomeka! Chomeka waya!" shangazi akapiga kelele. Nikachomeka.

Fundi akakung'uta kiatu. "Haya, mwalimu. Tufanyeje?"

"Tutoboe tundu dogo kwenye bomba, hapa, chini kidogo ya usawa wa maji ya tangi la juu. Maji yakishuka mpaka hapo, litavuta hewa na yatasimama. Na ndoo tusiijaze."

"Miaka yote naziba matundu, leo nitoboe bomba jipya!" Hata hivyo akapasha msumari moto kwenye jiko la mkaa, akanipa pamoja na koleo. "Toboa mwenyewe. Wakifa, ni wako."

Nikatoboa.

Siku mbili baadaye, saa ya chakula cha mchana, feni ikasimama na redio ikanyamaza. Shangazi akakimbilia kabatini na beseni na tambara, akisema, "Yanakuja, yanakuja!" Mimi nilikuwa namenya ndizi. Kisu sikukiweka chini. Maji ndani ya ndoo yakapanda kama vidole vinne. Kule juu tundu likafanya srrr, na yote yakatulia. Samaki wakaendelea kuogelea, watu wakaendelea kula.

Shangazi alibaki amechuchumaa, beseni mkononi, kavu kabisa.

"Shangazi," nikasema, "naomba hilo beseni nioshee ndizi."