Kichwa Changu Kabla ya Kiharusi

Kichwa hiki kilibeba marobota kabla hakijaanza kubeba hesabu. Nilishuka Dar kutoka Kilimanjaro nimeishia darasa la nne, nikapanga chumba Magomeni na wenzangu, na kila asubuhi nikawa natembea kwa miguu hadi Kariakoo kubebea watu mizigo. Leo nina fremu yangu ya duka la vitenge, ya kona, na stoo yake nyuma. Hakuna aliyenipa mtaji. Hakuna mjomba. Wanaosema nilisaidiwa waje waniambie usoni, nipo pale mlangoni kila siku.

Nayasema haya kwa kujisifu, ndiyo, maana bila hayo hamtaelewa kwa nini mimi nilikuwa wa kwanza kusimama siku watafiti wa ubongo walipopita sokoni. Walikuwa wanawachunguza watu waliopata kiharusi wakaanza kusahau na kupotewa na maneno, sasa wakataka na watu wazima wenye afya wa kuwalinganisha nao. Dada mmoja mwembamba, mpole, ndiye aliyetueleza. Alisema majina yetu yataondolewa, kila mtu atabaki namba, na data zitawekwa kwenye ghala la pamoja ili watafiti wa nchi nyingine nao wazitumie.

"Kwa hiyo kichwa changu kitafika Ulaya kabla yangu," nikamwambia.

Jirani yangu muuza mabegi akadakia, "Mangi, hakikisha kimelipiwa ushuru pale bandarini."

Nikaenda. Waliniingiza kwenye lile tundu la mashine, linagonga kama mafundi bati wa Gerezani, wakaupiga ubongo wangu picha. Kisha yule dada akakaa nami mezani na saa yake. Akasema, taja vitu vyote unavyovikumbuka vinavyouzwa sokoni, mpaka nitakaposema basi.

Sasa mimi ni mfanyabiashara. Mtu akiniuliza una nini dukani, simrushii majina kama mpiga debe. Unaanza na mzigo mzuri, unamweleza, unamsoma macho, ndipo unahamia mwingine. Nikaanza na kitenge kizito cha nta, kile ambacho ukikifua rangi haitoki. Nikaeleza kinavyokubali mshono, mama wa umri gani anapendeza nacho kwenye sendofu ya binti, na jinsi ya kukitambua cha kuigiza kwa kukisugua tu kwa kidole. Nilikuwa bado hapo hapo aliposema basi. Halafu akanisomea habari ya mama mmoja aliyekuwa akisafiri kwenda harusini na mambo yaliyompata njiani, akaniambia niirudie.

"Huyo mama anataka sare ya harusi," nikasema, "na ana haraka."

Akaandika. "Kingine, mzee?"

"Kingine cha nini? Hicho ndicho cha kushika."

Niliondoka nikijua nimewapita wote. Nikawatambia watu mtaa mzima kwamba kichwa changu kiko Ulaya, kinasomwa na maprofesa.

Miaka ikapita. Kiharusi kilinikuta dukani, mchana, mkasi mkononi. Kidogo tu, walisema. Mdomo ulienda upande ukarudi, mguu ulilegea ukarudi. Lakini kuna kitu kilienda na hakikurudi. Mzigo niliomwahidi mteja wa Songea nikamuuzia mteja wa Kigoma. Mama mmoja anayenunua kwangu tangu enzi nilipokuwa napanga chini kwenye turubai akasimama mbele yangu, nikamuuliza, "Nikusaidie nini, dada?" Akamtazama kijana wangu mkubwa. Kijana akainamia jora alilokuwa analikunja.

Ndiye huyo kijana aliyenipeleka kupimwa. Maswali yakawa yale yale, soko na hadithi ya kurudia. Ila safari hii kila kitu nilikitaja jina tu, nyanya, dagaa, kitenge, ndoo, haraka haraka, kwa sababu maelezo yalikuwa hayaji. Nilikuwa nayatafuta kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba cha wageni. Kwenye hadithi nikaambulia vipande viwili. Daktari akatazama matokeo, akasema kwa jumla yako chini.

"Baba, umeona," kijana akasema. "Jumapili baada ya ibada tukae kikao. Funguo nishike mimi, wewe upumzike."

Daktari akainua mkono. "Subirini. Bila kipimo cha kabla ya ugonjwa siwezi kusema kama ameshuka. Mtu aliyesoma kidogo anaweza kupata matokeo kama haya akiwa mzima kabisa."

"Kipimo cha kabla kipo," nikasema.

Ungeuona uso wa kijana. Alikuwa ameshaanza kupanga rangi ya kupaka fremu.

Yule dada mwembamba nilimtafuta nikampata kwenye ofisi moja karibu na Mnazi Mmoja. Sasa ana miwani na wasaidizi wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua kichwa changu."

Alinikumbuka, nikafurahi. Nikamweleza habari ya kiharusi, kikao na funguo. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema haiwezekani. Mradi uliisha, na orodha iliyounganisha majina na namba waliiharibu, kama walivyoahidi.

"Tulifanya hivyo kukulinda, mzee."

"Kunilinda na nani?"

"Na watu. Mtu asije akayajua mambo ya kichwa chako."

"Na hizo data nani anazipata?"

"Mtafiti yeyote mwenye kibali."

"Hata Mzungu ambaye hajawahi kufika Kariakoo?"

"Hata yeye."

"Na mimi?"

Akavua miwani akaifuta. Sikuondoka. Mimi nilijifunza biashara kwa kukaa kwenye ngazi za maduka ya watu mpaka wachoke kuniona, na kwake nilikaa vivyo hivyo. Mwisho akafunga mlango, akafungua kompyuta, na jedwali refu likajaa kwenye kioo. Kila mtu mstari mmoja, hakuna jina. Akatafuta mwanamume wa umri wangu wa wakati ule, darasa la nne, mfanyabiashara, anayetumia mkono wa kushoto kama mimi.

"Yuko mmoja tu," akasema kwa sauti ya chini.

"Jina mmelificha, umenikamata kwa mkono."

"Ndiyo maana sikupaswa kuifanya hii, mzee."

Akalinganisha na matokeo mapya niliyoyabeba. Akatabasamu. "Hongera. Hujashuka. Kwenye soko umepanda hata."

Nikafikiri sijasikia vizuri. Nikamwambia arudie.

"Wakati ule, vitu vya sokoni, ulipata kimoja."

"Kipi?"

"Kitenge."

"Nilikueleza mpaka ukanisimamisha."

"Nakumbuka, mzee. Nilitamani kukinunua. Lakini kanuni inahesabu majina. Na kwenye hadithi inahesabu vipande vilivyorudiwa."

"Basi futa."

"Siwezi. Wameshazichukua watu wengi, nakala ziko nchi ambazo hata mimi sizijui."

"Andika basi pembeni kwamba huyu mtu alikuwa anauza."

Akalitazama jedwali kama anayetafuta pa kuandikia. "Hakuna sehemu hiyo," akasema.

Aliniandikia barua ya kumpelekea daktari, kwamba matokeo ya kabla na ya sasa hayana tofauti ya maana. Alidhani ananipa zawadi. Nilikatisha viwanja vya Mnazi Mmoja nimeishika mfukoni, na kila mlima wa mizigo niliowahi kuupanda peke yangu ulikuwa umeandikwa mle kwamba uko sawa na bonde. Mimi niliyekuwa namwona mama anaingia dukani nikajua Idi iliyopita alichukua rangi gani, na kama mume aliinunia. Huyo mtu na huyu anayesahau mteja, eti ni mmoja.

Jumapili tukakaa sebuleni. Mama watoto alipika ndizi, hazikuguswa. Kijana mkubwa akasema maneno yake vizuri, kwa heshima, sina la kumlaumu. Akamaliza, wote wakanigeukia, maana niliwatangazia kwamba nakuja na ushahidi. Na ushahidi nilikuwa nao kwenye koti. Ningeutoa, funguo zingebaki kwangu, na daktari angenisimamia.

Lakini kijana angeusoma. Huyu ni mtoto niliyemsomesha mpaka chuo, jedwali anajua kulisoma. Asingebisha. Angenitazama tu, na kimyakimya angejiambia, kumbe mzee siku zote alikuwa hivi. Halafu angeanza kuhesabu upya maisha yangu yote, na mwisho angesema ilikuwa bahati.

"Nimeshuka," nikasema. "Nilikuwa juu sana, na nimeshuka. Shika."

Nikaziweka funguo mezani.

"Baba watoto," mama akasema, "si ulisema una barua?"

"Haihusu."

Kijana hakuzichukua mara moja. Aliponyoosha mkono alikuwa analia, na sikumwambia anyamaze.

Barua niliichana. Jedwali sina uwezo wa kulichana. Kuna mahali sasa hivi mwanafunzi fulani analifungua, anakutana na mfanyabiashara wa mkono wa kushoto ambaye akiwa mzima, kichwa kikali kuliko mkasi, alijua kitu kimoja tu kinachouzwa sokoni. Ananichanganya na wengine, anatafuta wastani, anaandika kuhusu watu wetu. Nasikia hilo ndilo jambo jema, kugawana. Sikatai. Kila mtu kapata fungu lake isipokuwa mwenye kichwa.

Siku hizi nakaa kwenye kiti pembeni ya mlango. Kijana amepaka fremu rangi ya buluu na bei zote ziko kwenye simu yake. Juzi alikuwa stoo, mteja akaingia, mama wa makamo, akaniuliza tuna nini. Nikamtajia: nta, java, khanga, batiki, satini, lesi, sijui na nini, yote, bila kuvuta pumzi. Yule dada wa Mnazi Mmoja angenipa alama nyingi sana. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema asante mzee, akaenda fremu ya jirani.