Madoa ya Jua na Majivu ya Jikoni

Mtaani walimwita Mzee Sayari, naye hakulipenda jina hilo, kwa kuwa waliomwita hivyo hawakuwahi hata siku moja kumuuliza habari za sayari. Kazi yake ilikuwa kusaga lenzi za miwani katika duka dogo lililobanwa kati ya kinyozi na muuza vitambaa, na kwa kazi hiyo alikuwa amesomesha watoto na kuezeka nyumba. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa juu. Ulipanda huko zamani, pale mwalimu wake wa hesabu alipofunga madirisha ya darasa na kuwaonyesha wanafunzi jua likiwa limetulia juu ya karatasi, duara dogo tulivu, kana kwamba limeshuka kupumzika. Tangu siku hiyo hakushuka tena.

Darubini yake aliiunda mwenyewe. Lenzi kubwa ya mbele aliisaga nyumbani kwa mkono, kioo juu ya kioo, kwa maji na unga wa kusagia, akianza na unga wenye kukwaruza na kumalizia na ule ulio laini kama poda ya mtoto. Misimu miwili ya mvua ilipita kabla kioo hicho hakijakubali kung'aa. Mkewe alivumilia. Meza ya kulia iligeuka karakana, na familia ikala ikiwa na sahani mapajani, naye mama watoto akanuna kidogo kisha akazoea, kama wanavyozoea wake wa watu wenye vichwa vigumu.

Alasiri za Jumapili mzee aliisimamisha darubini mbele ya duka, akaielekeza kwenye jua na kuweka karatasi nyeupe nyuma yake, maana atazamaye jua moja kwa moja kwa darubini hupofuka papo hapo. Juu ya karatasi jua lilitokea, kubwa kama kisahani cha chai, na usoni pake palikuwa na madoa meusi. Wapita njia walisimama, wakainama, wakatazama kwa makini, kisha wakasema neno lile lile.

"Fundi, kioo chako kina uchafu."

Hapo damu ilimchemka. Alianza kueleza kwamba jua ni tufe la gesi inayotokota, kwamba ziko sehemu ambapo nguvu ya sumaku ya jua lenyewe huzuia joto lisipande kutoka chini, na sehemu hizo hupoa kidogo zikaonekana nyeusi mbele ya mng'ao wa jirani zake. Alieleza kwamba doa moja laweza kuimeza dunia yote, bahari, milima na wanasiasa. Alieleza kwamba jua hujizungusha, ndiyo maana madoa husogea siku baada ya siku. Watu walimwitikia kwa vichwa, kama mtu anavyomwitikia mgonjwa wa homa, kisha wakamuuliza kama ana fremu za bei nafuu.

Kwa miaka mingi alimwomba mwalimu mkuu wa shule ya jirani ampe walau kipindi kimoja kwa wiki, awafundishe watoto habari za anga. Mwalimu mkuu, mama mmoja mnyoofu asiyependa maneno mengi, alimjibu kila mara kwamba mitihani haiulizi habari za jua. Mwaka huo akalegea. Alimwambia aje Ijumaa asubuhi, awaonyeshe walimu kwanza. Wakiridhika, kipindi ni chake, wasiporidhika, asirudi tena kumsumbua ofisini.

"Lakini nionyeshe kitu, fundi," alimwonya. "Usinihutubie."

Wiki hiyo mzee alitembea kama bwana harusi. Wiki hiyo hiyo kinyozi, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake, alimkuta mama watoto dukani akamtania.

"Shemeji, hivi mumeo hana mtu nyumbani? Kila Jumapili anatuonyesha kioo kichafu mbele ya halaiki."

Mama watoto alicheka mdomoni tu. Alikuwa mwanamke ambaye sufuria zake ziliweza kutumika kujitazamia, na neno hilo lilimchoma. Alhamisi, mume akiwa kazini, aliifungua lenzi akaisugua kwa majivu na kipande cha gunia, akazungusha mkono vile alivyofundishwa na mama yake, mpaka akaridhika. Kisha akaisuuza, akaikausha, akairudisha mahali pake na kuifunika kifuniko. Hakumwambia mumewe. Alitaka amshangaze.

Ijumaa walikwenda shuleni pamoja, mzee na bomba la darubini begani, mkewe na mkoba wa vifaa. Walimu walikusanyika uani. Mzee alifunua darubini, akaielekeza, akaweka karatasi. Jua likatokea kama kiini cha yai kilichopasukia kwenye unga. Akavuta, akasukuma, akapangusa. Ukungu ule ule. Alipoichomoa lenzi na kuiinua kwenye mwanga, aliona mikwaruzo ya duara ikifuatana kama mawimbi, na mwendo wa mkono ule aliutambua. Alikuwa ameuona chini ya kila sufuria aliyopata kulia chakula.

"Umefanya nini, mama watoto?"

"Nimekisugua," alijibu, bado anatabasamu. "Watu watasema nini sasa?"

Mzee aliiweka lenzi chini. Mbele ya walimu hakuweza kugomba, na nyuma yao hakuwa na nguvu. Misimu miwili ya mvua ilikuwa imeondoka na majivu ya jikoni. Mwalimu mkuu alitazama saa yake. Ndipo mzee alipokumbuka kile kioo kidogo cha kujitazamia ambacho wateja hujaribia miwani, kilichokuwa mkobani. Alikifunika kwa karatasi, akaacha wazi kitobo kidogo kama punje ya dengu, akamkabidhi mkewe aketi nacho juani, hatua kadhaa mbele ya mlango ulioachwa wazi, aurushe mwanga wa jua ndani. Naye, kwa mazoea, akapangusa kioo kilichoonekana kwenye kitobo kwa upindo wa nguo yake. Walimu waliingia darasani, madirisha yakafungwa, na kwenye ukuta wa mbali jua likatua, hafifu, upana wa sahani. Pembeni mwake palikuwa na kivuli kidogo, doa kubwa kuliko yote ya wiki ile.

Mwalimu mkuu alilitazama kwa muda.

"Huu ukuta una doa," akasema. "Nilishaagiza upakwe chokaa."

Mzee alifumba macho. Alifungua kinywa aanze hotuba ya gesi na sumaku, lakini huko nje mkono wa mama watoto ulikuwa umechoka, naye akabadilisha mkono. Jua likateleza ukutani, na doa likateleza nalo. Pale lilipokuwa, ukuta ulibaki safi. Mwalimu mkuu alisogea akaweka kidole juu ya doa. Kioo kikatikisika tena. Doa likakihama kidole chake.

"Ijumaa, kipindi cha pili," mwalimu mkuu akasema hatimaye. "Ila chokaa utaipaka wewe, kwa kuwa ukuta unautaka wewe."

Njiani kurudi mzee alikuwa na hasira ambayo hakujua aiweke wapi. Kipindi alikuwa nacho. Darubini hakuwa nayo. Mkewe alitembea kando yake, akiwaza.

"Kile kioo cha leo nilikifuta mwenyewe," akasema. "Kilikuwa safi."

"Kilikuwa safi."

"Na doa likaonekana." Akasimama. "Basi jana nilikuwa nasugua nini?"

Mzee alikuwa ametunga maneno makali tangu uani, marefu na yenye mpangilio mzuri. Alipomtazama usoni, yote yakamkauka.

"Jua, mama watoto. Ulikuwa unasugua jua."

Mkewe alilifikiria hilo hatua kadhaa, kwa uso wa mtu aliyepotezewa muda wake.

"Ungeniambia mapema," akasema kwa uchungu, "ningehifadhi majivu yangu."