Buli la Kaure Juu ya Makaa

Harufu ya chai iliyomwagikia makaa haifanani na nyingine. Kuna sukari inayoungua, kuna majivu yaliyolowa, na ikiwa chai ilitiwa mdalasini, pua huijua kabla hujafika mlangoni. Hapa Gombani ninapokaa, jirani yangu akisahau birika lake jikoni, mimi huacha nilichoshika nikasimama kidogo. Wenzangu hudhani nasikitikia chai ya watu. La, ndugu msomaji. Namkumbuka mama, na namkumbuka kwa fahari.

Nilikuwa bado nafunga nusu siku Ramadhani baba alipofariki. Mama akakaa eda katika nyumba aliyojengewa na babu yangu mzaa mama, hapa hapa mjini Chake. Mwanamke wa eda hatoki, hajipambi, na mgeni akimjia hana pa kumkimbilia. Shangazi Raya, dada yake baba, alilijua hilo vizuri. Alikuwa akija kutoka Kisiwa Panza kutupa pole, na kila akiondoka, pole yake ilikuwa imebeba kitu. Kwanza saa ya ukutani, eti ukumbusho wa marehemu. Halafu redio. Halafu mkeka wa rangi. Mama alinyamaza, maana msiba una heshima yake, na mimi nilinyamaza kwa kuwa hakuna aliyeniuliza. Lakini hata mimi niliona jicho la shangazi linavyozunguka chumba na kutua juu ya cherehani. Baba ndiye aliyemnunulia mama cherehani kile, na sasa baba hayupo, riziki yetu yote ilikuwa inatoka kwenye sindano yake.

Kabla ya cherehani, akataka buli. Lilikuwa la kaure, jeupe, lenye maua ya buluu na mdomo uliopinda kidogo kama mtu aliyenuna. Bibi mzaa baba alimpa mama mkono kwa mkono alipokuwa biharusi, wao wawili tu chumbani. Miaka yote lilikaa kabatini, likitoka Idi hadi Idi, na hata hapo maji yalichemshwa kwanza kwenye birika la bati ndipo yakamiminwa ndani yake taratibu. Mama alikuwa akiniambia kaure na moto ni wake wenza, hawakai jiko moja.

Siku hiyo shangazi alisema buli ni la mama yake na leo linarudi Panza. Mama akasema alipewa. Shangazi akauliza nani aliona. Hapo mama akatabasamu. Tangu msiba utufike sikuwa nimemwona akitabasamu, na tabasamu lile sikulipenda.

Sisi Wapemba, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa bakuli la mchuzi, hulirudishi bila ya japo ndimu mbili ndani. Basi mama akasema nalo buli halitorudi tupu. Akalitoa kabatini, akatia maji ya mtungini, majani ya chai, sukari na mdalasini, akalipeleka moja kwa moja juu ya jiko la mkaa, makaa mekundu.

Shangazi akainuka nusu. Akasema kaure haiwekwi motoni, hata mtoto anajua. Kweli nilijua, na machozi yalikuwa yananilengalenga.

"Kama lako, wifi, liepue," mama akamwambia. "Mie langu ntalipikia nitakavyo."

Shangazi akautazama moto, akautazama na mkono wake. Hakuliepua. Tukakaa watatu tukilikodolea macho buli. Maji yalikuwa yameanza kunong'ona buli liliposema ta! Ufa ukashuka kutoka mdomoni hadi kitakoni, chai ikavuja, makaa yakafoka, na ile harufu ikajaa ukumbi mzima. Mama akakunja ncha ya kanga, akaliepua, akamimina iliyobaki. Haikujaa kikombe. Akamwekea shangazi kwa adabu zote, akamsogezea na buli lenyewe.

"Haya chukua, wifi. Na hichi cherehani unachokitizama, jiko langu bado lina moto."

Shangazi hakunywa. Alivaa buibui lake akatoka, buli akaliacha. Aliendelea kuja mpaka eda ikaisha, lakini alikuja mikono mitupu na akaondoka mikono mitupu.

Mimi nililia. Niliona mama ameshindwa, kwa sababu kitu kizuri kuliko vyote nyumbani kimekufa na kakiua mwenyewe. Nimekuja kuelewa ukubwani. Kitu cha mtu unakitunza usije ukaulizwa. Chako ndicho unachothubutu kukiweka motoni. Mama hakuwa na shahidi, wala ruhusa ya kutoka kwenda kumtafuta kadhi. Alikuwa na jiko. Alilitoa buli ili abaki na cherehani. Na lilimuuma, msidhani halikumuuma. Nilimwona baadaye akilipangusa polepole kama anayemwosha mtoto.

Hadi leo, tukikutana harusini na watu wa upande wa baba, hakosekani wa kusema mama yangu alikuwa na jeuri, alivunja kaure ya wazee makusudi. Zamani nilikuwa nikimtetea. Siku hizi nawaambia ni kweli, alikuwa na jeuri, na jeuri ile ndiyo iliyonilisha, ikanivisha, ikanisomesha.